Mwaka wa Mashudu Yaliyochacha

Tulimzika Mama Masima Jumamosi, huku huku Miyuji, na upepo ukatupaka vumbi jekundu sote, mchungaji pamoja na waliochimba kaburi. Baada ya mazishi wanawake tuliketi kwenye mikeka chini ya turubai, tukila wali na maharage, na nyuma yangu nikawasikia wawili wasionijua wakisemezana. "Huyu mama alianza na kuku," alisema mmoja. "Kuku tu, ndio waliomsomeshea watoto wote wale." Mwenzake akashusha pumzi. "Alikuwa na bahati na kuku. Wangu mimi hufa kila nikianza." Niliweka sahani chini. Nilitaka kugeuka niwaambie kwamba kama kuna kitu ambacho Mama Masima hakuwa nacho mwaka ule nilioishi naye, kitu hicho ni bahati. Lakini msibani si mahali pa kubishana, na kabla sijaamua la kufanya, mzee mmoja mrefu aliyevaa koti la suti lililompwaya alikuja akasimama mbele yangu, fimbo mkononi, akinitazama kwa makini kama mtu anayesoma maandishi madogo. Nikamjua kwa macho yake. "Shikamoo, Daktari," nikasema nikiinuka. "Marahaba, Devota. Bado unapasua matumbo?" Tukacheka, mahali ambapo haikufaa kucheka, kisha sote wawili tukawa tunafuta machozi. Alikuwa Daktari Kimolo, daktari wa mifugo aliyekuwa mkuu wangu wa kwanza kazini. Alikuwa amepanda basi alfajiri kutoka kwao Chemba kuja kumzika mwanamke ambaye hakuwa ndugu yake, na pengine ni mimi peke yangu pale niliyejua sababu. Ndiyo maana nimeona niuandike mwaka ule, kabla neno "bahati" halijaufuta.

Nilikuwa sijatimiza miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nimetoka chuoni na stashahada ya maabara, nikapangiwa kazi kwenye maabara ya mifugo ya Dodoma, na nikapata chumba cha uani nyumbani kwa Mama Masima. Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Maduka ambayo zamani yalikuwa na viberiti na majani ya chai basi, sasa yalijaa vitenge, redio na sabuni za kila rangi. Na wakati huohuo ofisi za serikali zilikuwa zinapunguza watu. Mama Masima alikuwa mpiga chapa wizarani tangu usichana wake. Alipopunguzwa kazini hakukaa hata wiki moja akijihurumia. Alijenga banda la kuku nyuma ya nyumba kwa matofali ya kuchoma, akaliezeka mabati, akanunua kuku wa mayai na vifaranga, na nilipohamia kwake tayari mahoteli yalikuwa yanagombania mayai yake kila Bunge lilipokaa. Aliwapa kuku wake chanjo zote kwa wakati wake. Mimi mwenyewe nilimshikia taa ya koroboi na chupa ya maji ya chanjo. Jioni tulikula pamoja jikoni, ugali wa uwele na mlenda, mlango wa nyuma ukiwa wazi ili awasikilize kuku wake. "Yule anayekohoa unamsikia?" alikuwa akiniuliza katikati ya tonge. Mimi sikuwa nasikia chochote ila kuku.

Mwaka ule mashine ndogo za kukamua alizeti zilikuwa zinafunguliwa kila upande wa mkoa, na mashudu, yale makapi yanayobaki baada ya mafuta kutoka, yalikuwa mengi na ya bei nafuu wakati wa mavuno. Mama Masima alinunua ya msimu mzima kwa mara moja. Alichagua yale yaliyokamuliwa nusunusu, yaliyokuwa bado na mafuta mengi, akajaza stoo ya mabati iliyoegemea ukuta wa magharibi hadi juu. Alijivunia stoo ile. Wageni wakija aliwafungulia mlango. "Ona," alisema akifinya bonge mpaka vidole vikang'aa, "kuku wa mtu mwingine wanakula vumbi, wangu wanakula mafuta." Kipupwe kilipokwisha na jua la Septemba likaanza kupiga mabati yale, ukifungua mlango harufu ilikupiga usoni, harufu kali kama ya rangi ya mlango ambayo haijakauka. Tulizoea. Kila kitu katika nyumba ya mfugaji kina harufu yake.

Vifaranga walianza kuanguka Oktoba. Wa kwanza nilimwona mimi nikienda kazini: amelala ubavu, shingo imepinda mpaka kichwa kimegusa mgongo, miguu inapiga hewa. Kesho yake walikuwa zaidi, na kuku wakubwa nao walikuwa wanaharisha na kukonda, mayai yakipungua. Jirani aliyepita uchochoroni alichungulia, akaona shingo zile, akaondoka haraka bila kuaga. Kabla ya jioni mtaa mzima ulikuwa unasema kideri, ugonjwa unaofagia kuku wote, kimeingia kwa Mama Masima, na kwamba amekinunua pamoja na vifaranga wake wa kisasa. Bwana Ngonyani, afisa mifugo wa kata, alikuja na baiskeli yake siku iliyofuata. Alikuwa mtu wa haki. Alipiga magoti bandani, akawashika vifaranga mmoja mmoja. Lakini kila anayefuga kuku anajua kideri kinavyopinda shingo. "Mama, hakuna kuuza yai wala kuku kutoka hapa," alisema akijifuta mikono. "Nakupa wiki mbili. Wakiendelea kufa, nitalazimika kuagiza wachomwe wote. Kuna kuku kila nyumba mtaa huu." Mama Masima akauliza, "Na chanjo niliyowapa?" Bwana Ngonyani alitazama chini. "Chanjo wakati mwingine inaharibikia njiani, mama."

Usiku wa siku ile hatukula. Mimi jambo moja lilinikaa kichwani. Jirani yetu wa ukuta wa mashariki, Bibi Mele, mwanamke wa Kigogo aliyekuwa akitusalimu "mbukwenyi" kila asubuhi hata kama yuko upande wa pili wa barabara, alikuwa na tetea wa kienyeji na vifaranga wake. Wale walishinda katika uwanja wetu. Walikunywa kwenye sahani zetu za maji, wakichakura majani na wadudu pembeni ya banda, na hakuna aliyewahi kuwachanja. Kama kilikuwa kideri, wao ndio wangekuwa wa kwanza kufa. Nilitoka asubuhi kuwaangalia. Walikuwa wazima, wanakimbizana. Nikachukua vifaranga wetu wawili waliokufa, nikawafunga kwenye mfuko, nikaenda nao maabara.

Daktari Kimolo alikuwa anakunywa chai bila sukari, maana sukari ya ofisi ilikuwa imekwisha kama vitu vingine vyote vya ofisi. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. "Tetea wa jirani ni hoja nzuri," akasema, "lakini hoja haizuii moto. Fungua matumbo." Nilipasua. Utumbo ulikuwa mwepesi, umepauka, ngozi yake imekuwa kama karatasi iliyolowa. Ubongo wa mmoja ulikuwa na madoa mekundu nyuma, kwenye sehemu inayoshika mizani ya mwili. Daktari aliinama akatazama kwa muda, kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Wanakula nini?" Nikamweleza juu ya stoo. Aliposikia habari ya mafuta, mabati na jua la magharibi, aliweka kikombe chini. "Chuma kinapata kutu," alisema. "Mafuta nayo yana kutu yake. Yakikaa na joto na hewa yanachacha, na yakichacha yanazaa chembe kali zenye njaa, zinazonyang'anya chochote zinachokigusa. Na kitu cha kwanza zinachokigusa ndani ya mwili ni nini?" Nilijibu, "Utumbo." Akatikisa kichwa kukubali. Ndipo aliponieleza kwa mara ya kwanza jambo nililokuja kulisoma maisha yangu yote: kwamba seli za utumbo zina walinzi wao, na mmoja wao ni vitamini E, ambayo hujitoa ili chembe zile ziishambulie yenyewe badala ya seli, na kwamba mafuta yaliyochacha humaliza vitamini hiyo ndani ya chakula hata kabla kuku hajadonoa. "Lakini haya ni maneno ya vitabuni," alimalizia. "Bwana Ngonyani haji kusoma vitabu vyangu. Itabidi tumwonyeshe."

Mpango wake ulikuwa rahisi, na ulikuwa mgumu kuusema kwa mwenye kuku. Tuwatenge vifaranga wazima waliobaki, wa umri mmoja, mafungu matatu. Fungu la kwanza waendelee na chakula kilekile cha stoo. La pili wapewe mashudu mapya, yaliyotoka mashineni siku hiyohiyo. La tatu wale chakula kibaya, lakini pamoja nacho wapewe mchicha uliokatwakatwa na vitamini E. "Chumba kimoja," alisema Daktari, "maji mamoja, mkono mmoja wa kuwalisha. Kitofautiane chakula tu." Nilirudi nyumbani nikamkuta Mama Masima ameketi kwenye kizingiti cha jikoni, mikono juu ya magoti. Nilimweleza kila kitu, pamoja na stoo.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema. "Mimi na mikono yangu."

"Hatujui bado, Mama. Ndiyo maana tunataka kujaribu."

"Na hawa wa fungu la kwanza. Niendelee kuwapa chakula ambacho wewe mwenyewe unasema ni kibaya."

"Ndiyo, Mama."

"Wakianguka, niwatazame."

"Ndiyo." Sauti yangu ilikuwa ndogo. "Bila wao hatuwezi kusema ni chakula. Watasema walipona wenyewe, au kideri kilipita."

Alitazama banda. "Siku ile tunapunguzwa," alisema polepole, "nililetewa barua za kupiga chapa. Barua nyingi, zote sawa, tofauti ni majina. Nikapiga, nikapiga, nikafika kwenye jina langu. Nikaipiga na hiyo. Sikukosea hata herufi moja. Mistari mitatu, Devota, na hakuna mstari uliosema kwa nini. Nikamuuliza bosi, akasema, 'Ni utaratibu, mama.'" Aliinuka akakung'uta khanga yake. "Safari hii nataka kuambiwa kwa nini. Wape. Sema unahitaji nini."

Nilihitaji chumba ambacho si banda, ili mtu asiseme ugonjwa umo ukutani. Kesho yake Mama Masima alitoa makochi yote sebuleni akayapanga kibarazani, akakunja zulia, akang'oa mapazia, na sebule ile ambayo watoto wake hawakuruhusiwa kuingia na viatu ikawa na vibanda vitatu vya mbao na maranda ya seremala sakafuni. Wageni walikaa kwenye makochi nje, kwenye vumbi, wakisikia vifaranga wakilia ndani, na waliondoka wakiwa na la kusimulia. Vitamini E niliipata mahali ambapo sikutarajia. Maduka ya dawa ya watu binafsi yalikuwa yamefunguliwa mjini, na wanawake walikuwa wananunua vidonge laini vya vitamini E wavipasue na kujipaka usoni, ngozi ing'ae. Muuzaji aliniangalia shavu la kulia, kisha la kushoto. "Dada, wewe ngozi yako haina tatizo," akasema. "Si yangu," nikamjibu, "ni ya tumbo la kuku." Nilitoboa vidonge vile kwa sindano, nikawadondoshea vifaranga mdomoni mmoja mmoja, kila asubuhi kabla ya kazi. Mama Masima aliwalisha wote kwa mkono wake, mafungu yote matatu, na sikuwahi kumwona akipunguza chakula cha fungu la kwanza wala kuwaongezea kwa siri kilicho bora. Ningeelewa kama angefanya hivyo. Nilipokuwa na mashaka juu ya watu wazima wenye shahada walionijia baadaye na matokeo mazuri kupita kiasi, nilimkumbuka yeye akimimina mashudu yale mabaya, midomo ameibana, kipimo kilekile.

Maabara nako kulikuwa na vita vyake. Kuona seli za utumbo kunataka kipande chembamba mno, na ili kukikata lazima utumbo ugandishwe kwanza ndani ya nta. Nta ya maabara ilikuwa imekwisha zamani, na ya kuagiza isingefika kabla ya siku ya Bwana Ngonyani. "Nunua mishumaa," alisema Daktari Kimolo. Nilidhani anatania. Niliyeyusha mishumaa ya dukani kwenye jiko la spiriti, nikagandisha vipande vya utumbo, nikakata. Vikavunjika kama biskuti. Nikajaribu kuyeyusha polepole, nikajaribu mishumaa ya duka jingine, nikajaribu kuchanganya na nta ya nyuki niliyoletewa na mlinzi kutoka kwao. Mikono ilibabuka. Wenzangu walikuwa wakiondoka saa za kazi zikiisha, nami nasema, "Nakuja," na nikawa sendi. Sikuwa na kipaji chochote cha pekee. Nilikuwa nimekataa tu kurudi nyumbani kumwambia mwanamke yule kwamba vifaranga wake wamekufa bure. Halafu mchana mmoja utepe ukatoka, mwembamba, mzima, ukajikunja kwenye wembe kama ganda la kitunguu. Niliita kwa sauti. Daktari akaja mbio akidhani nimejikata.

Fungu la kwanza lilianza kuanguka kabla wiki mbili hazijaisha. Shingo zilipinda vilevile, ndani ya sebule safi ambayo haikuwahi kuona kuku mgonjwa. Mama Masima alikaa nao sakafuni, akamshika mmoja kifuani mpaka alipotulia, kisha akanikabidhi bila kunitazama. "Mpeleke," alisema. "Lakini nami nitakuja kuona." Alikuja maabara amevaa gauni lake la ofisini na viatu vya kisigino. Nilimwekea darubini, nikamwonyesha kwanza utumbo wa kifaranga wa fungu la pili, maana tulikuwa tumechinja wachache wa mafungu mengine mawili ili tulinganishe. Ndani ya utumbo mzima kuna vinyweleo virefu, vimesimama kwa safu, kila kimoja kimevikwa seli zinazonyonya chakula. "Hili ni shamba la uwele," akasema Mama Masima, jicho kwenye kioo. Nikambadilishia, nikaweka wa fungu la kwanza. Vile vinyweleo vilikuwa vimefupika, vingine vimekatika ncha, seli zimemomonyoka. "Na hili limepitiwa na ng'ombe," akasema. Kisha fungu la tatu, waliokula chakula kibaya lakini wakapata mchicha na vitamini. Hawakuwa wazuri kama wa pili. Walikuwa wamekonda kidogo na kinyesi chao kilikuwa chepesi. Lakini hakuna hata mmoja aliyepinda shingo, na vinyweleo vyao vilikuwa vimesimama, vifupi, vimechoka, lakini vimesimama. "Kwa hiyo vitamini inaponya!" nilisema kwa furaha. Daktari Kimolo aliinua kidole. "Usiseme inaponya. Vifaranga ni wachache na sisi tuna haraka. Sema yaelekea imewakinga, kwa kiasi. Neno 'yaelekea' si woga, Devota. Ni heshima."

Bwana Ngonyani alikuja maabara na kofia yake mkononi. Alitazama vioo vyote vitatu, akarudia, akauliza maswali mazuri, akaenda mwenyewe kufungua stoo na kunusa. Aliporudi alimwambia Mama Masima, "Shingo ilinidanganya, mama. Ingemdanganya yeyote." Zuio likaondoka siku hiyo. Hadithi ingependeza kuishia hapo, lakini haikuishia hapo. Mashudu yote ya stoo ile yalizikwa shimoni nyuma ya nyumba, na kuku wengi walikuwa wameshakufa, na Bunge la Novemba likakaa bila mayai ya Mama Masima mezani. Makochi hayakurudi sebuleni. Aliyauza yakiwa palepale kibarazani ili anunue vifaranga wengine. Alikuwa akisafiri kila wiki kwenda mashineni na gunia moja tu, akiyanusa mashudu mbele ya wenye mashine mpaka wakamwita Mama Pua. Alilima matuta ya mchicha kuzunguka banda. Stoo aliibomoa, akaijenga upya upande wa kivuli, yenye madirisha. Wale waliomwita mleta kideri walianza kuja, kwanza mmoja mmoja na kwa aibu, kuuliza wawalishe nini wa kwao. Hakumsimanga hata mmoja. Aliwajibu kwa ukali, lakini aliwajibu.

Ilipokaribia mwisho wa mwaka, mvua zimeanza, aliniambia nijiandae Jumapili baada ya ibada kwa kuwa nitasema na wanawake. "Wanawake gani?" "Wafugaji. Wa hapa na wa Nzuguni." Nilikataa, nikasema mimi ni mtu wa maabara, mzungumzaji ni Daktari. "Daktari hakubabuka mikono," alijibu. Walikuja wengi, wakajaza kibaraza na uwanja, wengine na watoto mgongoni. Nilianza kwa maneno ya chuoni, nikaona macho yao yanaanza kwenda kwenye mawingu. Nikayaacha. Nikawaambia juu ya kutu ya chuma na kutu ya mafuta, shamba la uwele na ng'ombe, mchicha unaosimama mlangoni kuwapokea maadui. Nikawaambia wanuse kila gunia na wasiweke chakula chini ya bati linalopigwa na jua. Nikawaambia pia yale tusiyoyajua, na nikatumia neno "yaelekea" mpaka Mama Masima akatabasamu.

Nilipomaliza, mama mmoja aliyekuwa amesimama nyuma kabisa aliinua mkono. Nilimfahamu kwa sura. Alikuwa anakaanga maandazi karibu na stendi. "Mimi sina kuku," alisema, na wengine wakacheka. Yeye hakucheka. "Nina karai. Mafuta yangu nayatumia leo, kesho, keshokutwa, mpaka yawe meusi, maana nikiyamwaga sina faida. Yananuka hivyohivyo unavyosema. Na yale yanayobaki nawakaangia watoto wangu mboga. Sasa niambie, mwanangu: matumbo yao yako shamba lipi?" Nilimtazama Mama Masima, naye alikuwa ananitazama mimi, bila kunisaidia, kama alivyowatazama vifaranga wale. Ningeweza kusema watoto si kuku, na lingekuwa kweli. Ningeweza kumtisha. Nikasema, "Sijui, mama. Hilo sijui kabisa. Ningekuwa wewe, mboga za watoto ningezikaanga kwa mafuta mapya, hata kijiko kimoja. Lakini jibu lenyewe bado sinalo."

"Nani analo?"

"Pengine hakuna."

Alijifunga khanga yake vizuri kiunoni. "Basi katafute," akasema, na hakuwa anatania. Jumatatu asubuhi nilimgongea Daktari Kimolo kabla hajaanza chai yake, nikamuuliza mtu mwenye stashahada kama yangu anaanzia wapi ili aende chuo kikuu.